Duka Lililoahidi Kila Kitu

Kaulimbiu ya Nakumatt ilikuwa sentensi fupi ya Kiingereza yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza kilimzungumzia mteja na haja yake; cha pili kilimzungumzia mwenye duka na alichonacho: wewe unakihitaji, sisi tunacho. Baina ya vipande hivyo hapakuwa na "kama" wala "huenda". Hapakuwa hata na jina la kitu chenyewe. Kiwakilishi kilisimama mahali pa bidhaa zote, na kwa kuwa hakikutaja chochote, kiliweza kubeba chochote: godoro, friji, mkate, betri za tochi, sufuria, keki ya siku ya kuzaliwa. Wahakiki wa ushairi wanalo jina la tamko linalovuka mipaka ya uwezekano, huliita chuku. Chuku ya mshairi, hata hivyo, msikilizaji huijua kuwa chuku. Hii ya Nakumatt ilikusudiwa kuaminiwa, na kwa miaka mingi watu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret waliiamini kwa sababu kila walipoingia ndani waliikuta imetimizwa.

Historia ya Nakumatt imesimuliwa mara nyingi kwa lugha ya biashara: mtaji, mauzo, madeni, kufilisika. Mimi naisoma kwa umbo lake. Duka kubwa ni utunzi. Lina mwanzo na mwisho, lina msimulizi, lina mpangilio unaomwongoza msomaji aone hiki kabla ya kile, na lina mambo ambayo halisemi. Rafu za Nakumatt, majina ya matawi yake, kadi yake ya pointi na mfuko wake wa plastiki, vyote vilipangwa kutangaza utele. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na njia ya kusema deni, na deni ndilo lililoushikilia utele wenyewe.

Ili kuona upya wa umbo hilo, inafaa kwanza kuingia katika duka lililolitangulia. Maduka yenye matawi si jambo la juzi Afrika Mashariki. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa bado mtoto na kufundishwa kazi na Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo, alikuwa na mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda kabla ya kifo chake mwaka 1916. Shule moja kubwa ya Mombasa ingali inaitwa kwa jina lake. Duka la namna ile, na mengi yaliyofuata mfano wake mpaka leo vijijini na mitaani, limejengwa kwa kaunta. Mwenye duka yuko upande mmoja, mteja upande wa pili, rafu ziko nyuma ya mgongo wa mwenye duka. Kwenye kaunta kuna mizani na mawe yake. Chini, magunia ya mchele na maharagwe yaliyokunjwa midomo. Pembeni, debe la mafuta ya kupikia na kipimo chake. Mteja hawezi kugusa kitu mpaka aseme. "Nipe nusu ya sukari na kiberiti." Mwenye duka naye hujibu, hupima, huuliza habari za mgonjwa nyumbani, hutaja bei. Umbo la duka hilo ni la majibizano. Bila sauti mbili, halifanyi kazi.

Na chini ya kaunta kuna daftari. Humo mna majina na tarakimu: mama fulani, unga kilo mbili, sabuni mche mmoja. Mara nyingine anayedaiwa husimama palepale akitazama jina lake likiandikwa. Deni katika duka la kaunta ni maandishi yanayoonekana, yana mwandiko wa mtu, na pande zote mbili zinajua ukurasa uliko.

Supamaketi iliivunja kaunta. Rafu zilihamishwa kutoka mgongoni mwa mwenye duka zikaletwa mbele ya mteja, na mteja akapewa toroli. Tangu hapo haongei tena, anasoma. Anasoma lebo, bei, tarehe ya kuharibika, picha ya mtoto anayecheka juu ya kopo la maziwa. Bidhaa zimechukua nafasi ya muuzaji, zinajieleza zenyewe. Watu wengi walilipenda jambo hili, na walikuwa na haki ya kulipenda. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kaunta akipuuzwa kwa sababu ya nguo zake, au kwa sababu jina lake liko daftarini, aliweza sasa kutembea kwa uhuru katikati ya mali na kushika anachotaka bila kuomba. Uhuru ule ulikuwa wa kweli, na hakuna uhakiki wa Nakumatt utakaokuwa wa haki usipoukiri.

Daftari nalo halikufungwa. Liligeuzwa. Katika duka la kaunta, aliyekopa ni mnunuzi. Katika supamaketi mnunuzi hulipa papo hapo, na anayekopa ni duka: huchukua maziwa, unga na sabuni kwa wasambazaji, huuza leo kwa pesa taslimu, huahidi kulipa baada ya siku 30, au 60, au 90. Ndivyo supamaketi zinavyoendeshwa duniani kote, na hilo peke yake si dhambi. Lakini kwa msomaji wa umbo, mabadiliko haya ni makubwa. Mkopo uliokuwa mbele ya macho ya watu umehamia ofisi ya ghorofani. Rafu nzima iliyojaa, yenye kumeta chini ya taa, kwa hesabu ni orodha ya wadai; kwa macho ni utajiri wa mwenye duka.

Hata mkono unaoipanga rafu hiyo aghalabu si wa duka. Anayetazama kwa makini asubuhi, katika supamaketi nyingi za Kenya, atawaona vijana waliovaa fulana za kampuni ya maziwa, ya mafuta ya kupikia au ya dawa ya meno, wamechuchumaa wakivuta pakiti za nyuma kuzileta mbele, wakigeuza majina yaelekee mteja, wakipangusa vumbi. Wameletwa na msambazaji. Mishahara yao, mara nyingi, hulipwa na msambazaji. Rafu basi ni maandishi ya watu wengi yanayosomwa kwa sauti ya mmoja. Msimulizi anasema "tunacho", ilhali kitu ni cha mwingine, kimepangwa na mwingine, na bado hakijalipiwa.

Msimulizi huyo alikuwa nani? Nakumatt ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya familia ya Shah, iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro mjini Nakuru. Jina la kampuni ni mkato wa mji huo na bidhaa hiyo. Kampuni yenyewe huhesabiwa tangu 1987. Katika magazeti na majarida, hasa nyakati za ufanisi, kisa chake kilisimuliwa kwa umbo lisilobadilika: hapo kale duka dogo, kisha jasho, kisha minyororo ya maduka chini ya Atul Shah, mkurugenzi mkuu. Hekaya za waanzilishi ndivyo zinavyopenda kukaa. Huwa na mwanzo wenye vumbi na mwisho wenye taa, na katikati hukatwa. Ile sehemu ya katikati, ambamo benki inakubali au inakataa, msambazaji anavumilia au anachoka, haina nafasi katika hekaya kwa sababu shujaa wake hangekuwa mmoja. Godoro lilibaki katika kisa kama alama ya unyenyekevu wa asili. Nani alimkopesha nani sponji, na kwa siku ngapi, hakuna aliyesimulia.

Jambo la kutazama zaidi ni kwamba familia ilisimulia bila kujitaja. Duka la zamani lilikuwa na jina la mtu juu ya mlango, au lilijulikana kwa jina la mtu hata kama halikuandikwa. Juu ya mlango wa Nakumatt hapakuwa na Shah. Palikuwa na tembo. Tembo hana ukoo, hana dini, hana mtaa. Anaweza kusimama Nyali, Kigali au Moshi bila mtu kuuliza katoka wapi. Katika nchi ambazo mwenye duka wa asili ya Kihindi amekuwa akitazamwa kwa jicho la shaka, na ambamo kufukuzwa kwa Waasia nchini Uganda mwaka 1972 hakujasahaulika, uteuzi wa mnyama badala ya jina la ukoo ulikuwa wa busara, na mimi siulaumu. Nauona kama uamuzi wa kifasihi wenye gharama: ulimpa msimulizi mwili mkubwa na kumwondolea uso. Mdai wa duka la kaunta alijua anayemwendea. Mdai wa tembo alijibiwa na idara ya malipo.

Majina ya matawi yaliendeleza kazi hiyo. Yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ilitaja mahali: Nyali, Likoni, Karen, Westgate, Junction. Ya pili ilitaja hadhi: Mega, Prestige, Lifestyle. Hakuna lililotaja bidhaa. Mtu wa Nairobi alisema "tukutane Lifestyle" na hakuwa na maana ya kununua chochote. Jina la tawi lilikuwa limekuwa mahali pa miadi, kama saa ya mnara au sanamu ya barabarani, na hapo duka linakuwa limeshinda kabisa: mtu anasema jina lake bila kufikiri kuwa ni duka. Baadhi ya matawi yalikaa wazi saa 24. Hilo pia nalisoma kama umbo. Duka linalofunga milango jioni lina kipumuo. Mwenye duka huketi akahesabu, akajua siku imekwendaje. Duka lisilofunga halina mwisho wa sura, na sauti inayosema "tunacho" haipati nafasi ya kunyamaza.

Kadi ya pointi ni kifaa ambacho wachambuzi wa biashara hukitaja haraka kama mbinu ya kuvuta wateja. Itazameni tena. Kila keshia alipoipitisha kwenye mashine, mteja aliandikiwa kiasi fulani ambacho angeweza kukitumia baadaye kupata bidhaa. Pointi, kwa lugha ya daftari, ni deni la duka kwa mteja. Basi duka lilikuwa na wadai mbele na nyuma: msambazaji aliyesubiri siku zake tisini, benki na wanunuzi wa hati zake za mkopo wa muda mfupi, na mwishoni mama mwenye toroli aliyekuwa akiweka pointi kwa ajili ya Desemba. Yeye hakujiona kama mdai. Kadi ilimfanya ajione mwanachama, mtu wa ndani. Sijui umbo lingine la mkopo lililopambwa kwa upole kiasi kile.

Mfuko wa plastiki ulikuwa ukurasa uliotembea. Uliondoka dukani ukiwa umebeba mkate na maziwa, ukaishia nyumbani chini ya kitanda ukihifadhi vyeti, viatu vya mtoto, nguo za safari. Katika nyumba nyingi za Kenya mfuko wa Nakumatt ulidumu kuliko kilichonunuliwa, na kwenye basi la kwenda mashambani ulitumika kama sanduku. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya serikali dhidi ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika. Haikuhusiana na Nakumatt peke yake, lakini iliangukia wakati ambapo rafu zake zilikuwa zimeanza kukauka, hivi kwamba katika msimu mmoja duka lilipoteza maandishi yake ya ndani na ya nje.

Kabla ya kufika msimu huo, kuna siku mbili ambazo haziwezi kurukwa. Tarehe 28 Januari 2009 tawi la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi liliteketea, na zaidi ya watu 20 walikufa. Swali lililorudiwa katika vilio na mijadala ya baadaye lilikuwa la milango na njia za kutokea. Supamaketi yoyote hujengwa ili kuingia kuwe rahisi na kutoka kupitie kwa keshia. Njia zake hupindishwa makusudi, mkate huwekwa mbali ili mteja apite kwingi. Siku ya kawaida msuko huo ni mbinu ya kuuza. Siku ya moto, kila hatua ya ziada kuelekea mlango huhesabika kwa pumzi. Naandika haya kwa heshima ya waliokufa. Uhakiki wa umbo ukiishia kwenye nembo na kaulimbiu, ukaacha kutazama milango, ni uhakiki ulioogopa kazi yake.

Siku ya pili ni Jumamosi, 21 Septemba 2013, siku ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Nakumatt ilikuwa duka kubwa kuliko yote katika jumba lile. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Picha za kamera za usalama zilizoonyeshwa duniani zilikuwa, kwa sehemu, picha za vijia vya supamaketi: toroli zilizoachwa, rafu zilizojaa, watu waliolala sakafuni. Mandhari iliyokuwa ya Jumamosi ya kila mtu ilionekana kutoka juu, bila sauti. Julai 2015 Westgate ilifunguliwa tena na Nakumatt ikarudi ndani yake. Wengi waliguswa, na nadhani waliguswa kwa haki. Kurudi kwa rafu zilizojaa kulisomwa kama kurudi kwa uhai. Huenda hapo ndipo utele wa Nakumatt ulipofikia maana yake ya juu kabisa. Taifa zima lilikuwa limeegemeza kitu fulani juu ya ukweli kwamba maziwa yapo mahali pake.

Upande wa upanuzi nitaupita haraka, maana kwa umbo ni takriri. Kigali 2008, Kampala 2009, Moshi 2011. Mwaka 2014 Nakumatt ikachukua maduka ambayo Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa ikiyaacha Tanzania, Dar es Salaam na Arusha. Mwishowe matawi yalizidi 60 katika nchi nne. Kila tawi lilisema sentensi ileile kwa mpangilio uleule, na kila tawi jipya lilihitaji rafu mpya zijazwe kwa mali ya mkopo kabla halijauza hata kijiko. Msemaji anayerudia dai lake kwa sauti kubwa zaidi kila mara hana budi kuongeza ushahidi kila mara. Ushahidi wa Nakumatt ulikuwa bidhaa, na bidhaa zilikuwa za watu.

Hapa kulinganisha na Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, kunasaidia. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya umma, na mwaka 1992 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Ilipougua, iliugulia hadharani: hesabu zilichapishwa, wenye hisa walilalamika, mwaka 2006 milango ikafungwa kabla ya kufufuliwa kwa muda. Ulikuwa ugonjwa wenye maandishi. Nakumatt, kampuni binafsi ya familia, haikuwajibika kuchapisha hesabu zake kwa umma. Kilichochapishwa ni matangazo. Msambazaji mdogo wa mtindi au asali aliyetaka kujua kama atalipwa hakuwa na kitabu cha kusoma isipokuwa rafu yenyewe, na rafu ilimwambia mambo ni mazuri. Tawi jipya limefunguliwa. Basi wana pesa. Alisoma vizuri, kwa kanuni za utunzi aliopewa. Utunzi ndio uliomficha ukurasa aliouhitaji.

Mwaka 2017 ukurasa huo ulijitokeza, na ulijitokeza kwa umbo ambalo hakuna aliyelipanga. Wasambazaji waliokuwa hawajalipwa walianza kusitisha bidhaa. Kwanza walitoweka wakubwa, wale ambao majina yao mteja huyatafuta kwa jina. Pengo la rafu lilizibwa kwa kile kilichobaki. Ungeingia na kukuta kijia kizima kimepangwa bidhaa ya aina moja, pakiti zimesimama safu moja ukingoni, kutoka mwisho mmoja wa rafu hadi mwingine, na nyuma ya safu hiyo hamna kitu hadi ukutani. Mtu akichukua moja, mfanyakazi husogeza zilizobaki kufunika nafasi.

Nimekuwa nikilifikiria umbo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu takriri ndiyo iliyokuwa tamathali kuu ya duka tangu mwanzo. Chupa arobaini za mafuta ya aina moja zikiwa zimepangwa pamoja husema "zipo nyingi". Ndiyo lugha ya utele. Mwaka 2017 tamathali ileile, kwa vitu vilevile, ilisema kinyume chake: kwamba hakuna kingine. Wafanyakazi waliokuwa wakizisogeza zile pakiti hawakudanganya mtu. Walitumia sarufi pekee ambayo duka lilikuwa limewafundisha. Hapakuwa na lebo ya kusema "kimekwisha", hapakuwa na mtu wa kaunta wa kumwambia mteja "mama, leo hakuna, jaribu Ijumaa". Mwenye duka dogo husema maneno hayo kila wiki na wateja hawamkimbii, maana majibizano yana nafasi ya kukiri upungufu. Duka lililojengwa juu ya "tunacho" halina sentensi ya kukiri. Likipungukiwa, hunyamaza tu, na ukimya wake husomwa na kila mtu kwa siku moja.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Wenye majumba walidai kodi na kumfukuza mpangaji wao. Carrefour, iliyoingia Kenya mwaka 2016 kupitia The Hub huko Karen, ilichukua nafasi za Nakumatt katika majumba kama Thika Road Mall na Junction. Mpango wa kuungana na supamaketi nyingine, Tuskys, ulitangazwa na haukufika popote. Matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka kampuni chini ya msimamizi, Peter Kahi. Maelfu ya watu walikuwa wamepoteza kazi, wakiwamo waliokuwa wametumia ujana wao wote chini ya taa zile.

Msimamizi alikusanya madai, na humo ndimo lilimopatikana andiko la mwisho la Nakumatt, ambalo kwangu ndilo lenye maana kuliko yote: orodha ya wadai. Jumla yake ilizidi shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ilikuwa ya wasambazaji. Ukiisoma orodha ya namna hiyo kwa makini unaona kwamba ni duka lilelile linaloelezwa kwa mara ya kwanza kwa mpangilio wa kweli. Mwenye maziwa yupo, mwenye unga yupo, mwenye sabuni, mwenye vifaa vya umeme, mwenye jengo, mwenye benki. Kila kijia kimerudi, ila safari hii kila bidhaa imesimama na jina la mwenyewe na kiasi anachodai. Yale majina ambayo kaulimbiu iliyafuta kwa kiwakilishi kimoja yamerudi moja moja. Mwanzoni mwa 2020, matawi sita yaliyobaki yakiwa yameuzwa kwa supamaketi ya Naivas kwa shilingi milioni 422, wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Kilichouzwa kwa kiasi hicho kilikuwa nafasi na samani za duka. Ndivyo vitu ambavyo kampuni iliweza kuvisema "tunavyo" bila mtu wa pili kuinua mkono.

Tuskys, ambayo kisheria iliitwa Tusker Mattresses na ambayo pia mizizi yake ilikuwa Nakuru na familia moja, ilipita njia hiyohiyo muda mfupi baadaye: wasambazaji wasiolipwa, rafu tupu, milango iliyofungwa na wenye majengo. Huko kulikuwa na jambo la ziada, yaani ndugu waliovutana mahakamani baada ya mzee wao, Joram Kamau, kufariki mwaka 2002. Magazeti yalipenda kisa cha ndugu. Naona kiliwapotosha wasomaji, maana kiliwafanya waamini kuwa tatizo lilikuwa tabia za watu wa familia. Nakumatt haikuwa na ugomvi wa ndugu wa namna ile, na bado mwisho ukafanana. Kilichofanana tangu mwanzo ni umbo la mkopo uliofichwa nyuma ya utele.

Naivas nayo ilianza kama duka la familia, katika kaunti ileile ya Nakuru, mwaka 1990. Kuanzia 2020 familia iliuza sehemu ya hisa kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likanunua asilimia 40. Mtu anaweza kusikitika kwamba duka lililoanzia Nakuru lina wenyewe walio mbali kiasi hicho. Lakini mwenye hisa wa nje ni msomaji ambaye hekaya haimtoshi. Anataka kuona siku za malipo, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 2019 Sheria ya Ushindani ya Kenya nayo ilirekebishwa kuwabana wanunuzi wakubwa wanaoonea wasambazaji, na kuchelewesha malipo bila sababu kukatajwa waziwazi. Kwa hiyo sasa kuna wasomaji wawili wa nyuma ya rafu: mwekezaji na mamlaka ya serikali.

Wa tatu, yaani mteja mwenye toroli, bado hajapewa chochote cha kusoma. Anasoma utele uleule aliousoma 2015, kwa macho yaleyale. Katika kila supamaketi ningependa kuona jambo moja dogo likiongezwa kwenye utunzi huu: idadi ya siku ambazo duka linachukua kumlipa aliyeleta bidhaa, iandikwe mahali ambapo mteja anaiona. Lebo ya ukingoni mwa rafu tayari ina bei, uzito na namba ya bidhaa, na nafasi ya tarakimu mbili zaidi ipo.